Mguu wa Senge na Ukurasa wa Neva

Malaba, Alhamisi, Aprili 1996

Mvua imeanza saa nane na haionyeshi dalili ya kuacha. Malori yamejipanga kutoka kwenye kizuizi cha forodha hadi karibu na mlango wetu, madereva wamejifungia ndani, na mimi nimekaa mezani na kitabu cha anatomia. Tangu chakula cha mchana sijafungua ukurasa mpya.

Mtihani ni Jumatatu. Ni wa kurudia. Nikianguka tena chuo kitanirudisha nyumbani Nambale na godoro langu, na baba ataacha kusema "binti yangu daktari" pale kwenye kinu cha kusagia unga. Shajara, wewe unajua mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza aliyeshindwa na misuli, neva na milango ya fahamu, zote kwa mkupuo mmoja. Lakini kwetu ukishavaa lile gauni la chuo hata wiki moja, umekuwa daktari, na ukija likizo watu wanakuletea matako yao uyadunge.

Nisamehe kwa lugha hiyo, ila ndivyo ilivyo. Huku tembe haziheshimiwi. Dawa ni sindano, tena iume. Mtu akipata homa anavuka upande wa Uganda, ananunua chupa ya dawa na bomba la sindano, anavifunga kwa gazeti, halafu anatafuta mkono wa kumdunga. Ukikataa, unaringa. Ukikubali, unapewa kuku.

Nimekuja kusomea hapa kwa Senge, dada ya baba, kwa sababu nyumbani kuna kelele za wadogo zangu. Senge hana watoto wadogo. Ana kibanda cha ndizi, na kila asubuhi huvuka daraja kuzichukua kwa wakulima wa ng'ambo. Au tuseme alikuwa akivuka kila asubuhi. Siku hizi anavuka anapoweza, maana mguu wake wa kulia hauinuki. Kisigino kinanyanyuka vizuri, halafu vidole vinabaki chini vinaburura matope. Juzi alifika nyumbani na ndara moja. Ile ya kulia ilikuwa imechomoka njiani na hakusikia. Tulicheka sana, yeye kwanza.

Majirani wanasema alikanyaga kitu alichowekewa kibandani. Akina mama wa kanisani wameuombea mguu huo mara tatu, wameupaka mafuta, na Senge ameitikia amina kila mara.

Mimi pia niliitikia amina.

Leo asubuhi, kabla ya mvua, nilikuwa nikikariri kwa sauti na maneno yanatoka upande wa pili wa kichwa. Senge alikuwa kwenye kigoda akichambua maharagwe. Akanionea huruma. Akasogeza kigoda, akanyoosha mguu ule mbovu mpaka mapajani pangu.

"Soma na hii mguu," akasema. "Hiyo kitabu haina nyama."

Nikafurahi, na nakiri hivyo. Nikachukua pini na unyoya wa kuku, nikamwambia afumbe macho na aseme "ndiyo" kila ninapomgusa, kama mwalimu alivyotuonyesha. Kwenye goti, ndiyo. Ndani ya muundi, ndiyo. Nikaenda upande wa nje wa muundi, kisha juu ya wayo, kisha katikati ya kidole gumba na cha pili. Nilimchoma hapo kwa pini mara nne.

"Bado hujaanza?" akauliza, macho bado amefumba.

Nikamwambia ainue vidole. Uso ukajikunja, shingo ikatoka mishipa, lakini vidole vilikaa tu. Nikapapasa misuli ya mbele ya muundi, ile inayovuta wayo juu. Upande wa kushoto imejaa. Upande wa kulia imenywea, kidole changu kinagusa mfupa.

Nikafungua kitabu kutafuta neva gani inalisha sehemu zote hizo. Ipo moja, tawi la neva kubwa kuliko zote mwilini. Neva hiyo inatoka kiunoni, inapita chini ya msuli wa tako, inashuka nyuma ya paja. Chini ya mchoro wameandika kwa herufi nzito: sindano ya takoni idungwe robo ya juu ya upande wa nje tu, kwa sababu mahali pengine neva hii inaweza kuumizwa. Halafu wameorodhesha dalili. Wayo kushindwa kuinuka. Ganzi juu ya wayo. Misuli ya muundi kunywea.

Desemba nilimdunga Senge mimi mwenyewe.

Alikuwa na malaria. Alileta kwinini kutoka ng'ambo ndani ya gazeti, akalala kwenye benchi hilihili ninaloliona nikiandika. Mimi wakati huo nilikuwa nimedunga machungwa, na godoro moja la chuo. Mambo ya robo ya tako yalikuwa bado hayajafundishwa, au yalifundishwa nikiwa nasinzia, sijui. Nililenga katikati kwa sababu ndipo palipokuwa na nyama nyingi. Senge aliruka kama aliyekanyaga moto akasema umeme umeshuka mpaka kwenye kidole. Nikamwambia alegeze mwili, daktari ni mimi. Nikasukuma dawa yote mpaka ikaisha.

Nilipewa kuku. Nilimla.

Leo nimekaa na kitabu hicho mapajani, juu yake mguu wa Senge, na sikuwa na nguvu ya kuondoa kimojawapo. Nilitaka kunyamaza, shajara, nisikudanganye. Nilifikiria Jumatatu, nikafikiria majirani na kile kitu walichosema kimezikwa kibandani, na nikaona ni rahisi kuwaacha waendelee kusema. Halafu yakanitoka tu. Nikamwambia ni mimi, ni ile sindano, nilidunga mahali pabaya.

Senge alifumbua macho akaendelea na maharagwe yake.

"Najua," akasema. "Si ni mimi nilikuwa nimelala hapo? Mguu ilishika moto sindano ikiwa bado ndani."

Nikamuuliza kwa nini basi hakwenda hospitali. Miezi minne! Hapo ndipo aliponitazama kama mtu anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa.

"Nikienda, wataniuliza nani alinidunga. Nitawaambia nini? Watakutoa shule. Wacha watu waseme nilikanyaga dawa, hiyo haifukuzi mtu." Akaupapasa mguu wake, akauteremsha chini kwa mikono miwili. "Funga mdomo sasa. Fungua kitabu."

Nimelia mpaka akakasirika.

Kitabu kinasema neva iliyoumia huota polepole sana, ikiota. Kinasema mgonjwa aanzishiwe mazoezi mapema na wayo ufungwe usining'inie, kabla misuli haijanywea. Mapema. Neno hilo nimelisoma mara nyingi kuliko jina lolote la neva. Mapema ilikuwa Januari, Senge alipokuwa akiitikia amina na mimi nikipigiwa makofi nyumbani kwa kuanza muhula. Hasira niliyo nayo sijui niielekeze wapi. Kwake siwezi. Kwangu haisaidii. Naweza kuchora neva hiyo nikiwa nimefumba macho, matawi yake yote, na siwezi kuinua kidole kimoja cha mguu wa mtu aliyenilea.

Nimemwambia lazima twende hospitali ya Busia, na wakiuliza nani alidunga nitajibu mwenyewe, kwa jina langu. Amebisha mpaka maharagwe yakaiva. Mwishowe, kwa kuchoka na machozi yangu, amekubali. Akauliza, siku gani?

Nikasema Jumanne. Mtihani ukishapita.

Amesema sawa, Jumanne ni nzuri, na amekwenda kulala kidogo kabla ya ibada ya jioni. Mimi nimebaki hapa na kalamu. Kesho ni Ijumaa, hospitali iko wazi, na Busia si mbali.

Aliuliza siku gani. Kwa nini sikusema kesho?