Sura Yako Nyuma ya Boksi la Dawa

Mdogo wangu mpenzi,

Mungu ametuamsha tena leo, na mimi nimeamka nimechoka hoi. Paa la jikoni bado linavuja.

Tangu apate kiharusi, Mama hasemi. Akitaka kitu anaashiria, nami nikikosea ananuna. Siku moja nikachukua penseli, nikamchorea kikombe nyuma ya boksi la dawa. Akakigusa haraka: alitaka chai! Basi nikaendelea: mto, dirisha, kuku wa jirani. Huyo kuku alimchekesha mpaka machozi.

Unakumbuka lile bango nililomchorea kinyozi, mtaa mzima ukauliza, "Kwani hapa wananyoa mbuzi?" Hata wewe ulicheka. Tangu siku ile sikuthubutu tena kuchora uso wa mtu.

Juzi Mama alisukuma picha zote kando, akaonyesha mlango. Nikachora mlango, akatikisa kichwa. Nikachora begi lako ulilosafiri nalo, akanishika mkono. Nikaelewa. Nikamwomba Mungu aiongoze penseli, nikakuchora wewe, pamoja na masikio yako makubwa. Mama aliibusu ile picha, akailaza kifuani, na mpaka leo haiachii hata nikitaka kubadilisha shuka.

Namshukuru Mungu, mkono wangu wa kuchora umerudi. Ila nimekuchora kama ulivyokuwa siku ile unaondoka, maana sura yako ya sasa siijui. Njoo nikuchore upya, Mama angali anaona.

Ni mimi dada yako,
Mchora mbuzi