Utomvu wa Mnyaa

Jumapili jioni, Nyakabanda

Jicho la kulia bado linawaka. Nimeliosha sijui mara ngapi tangu turudi kutoka ile bustani ya mimea ya ukame kule Bugesera, na ukungu uko palepale.

Ujinga ni wangu. Mtunza bustani alisema wazi, "Mama, tazama tu, usiguse." Lakini nilipouona mnyaa, ule ule tuliozungushia ua nyumbani Karagwe, nikavunja kijiti ili nimwonyeshe binti yangu Aline maziwa yake yanavyotoka. Nilitaka tu aone kwamba mama yake naye anajua kitu. Baadaye jasho likaniingia jichoni, nikajifuta kwa kidole kile kile kilichoshika maziwa ya mnyaa.

Muuguzi wa kituo cha afya ameniwekea dawa. Daktari wa macho yupo kesho asubuhi. Nikamuuliza kama nitaona tena sawasawa.

"Ihangane, mama. Vumilia, tumngoje daktari."

Angesema ndiyo. Hata kwa uongo.

Aline naye ameniuliza kama naona. Nimemjibu naona vizuri, akaenda kupika. Alhamisi bibi harusi anakuja kuchukua vazi lake la umushanana, na pindo lote bado, la kushona kwa mkono. Miaka yote hii tumekula kwa macho haya.

Sasa hivi nimefumba jicho la kushoto, nikajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ni mwekundu, nimeuona kidogo. Sindano nimeihisi vidoleni tu.