Paneli za Kisima cha Dadaab

Rukiyo, acha unachofanya usome hii. Roho imenichafuka, wallahi!

Unamkumbuka injinia tuliyeletewa awe meneja? Ramlo alimwambia mara tatu: paneli za sola za kisima ziinuliwe juu au zizungushiwe ua, maana ngamia akishakunywa maji hutafuta pa kujikuna.

Akamcheka! "Wewe ni fundi tu, injinia ni mimi." Mbele ya watu!

Leo asubuhi paneli nne ziko chini, vioo vimepasuka. Pampu kimya. Mbuzi wanalia kwenye birika kavu.

Na yeye? Anampa Ramlo kalamu: "Andika kwenye ripoti ni upepo. Andika na wewe hukukaza nati."

Hukukaza nati!! Abaayo, dada yangu, mtu mzima huyo! Kinyaa tupu. Ramlo kalamu hakuigusa.

Mzee Abdow alikuwa hapo na mifugo yake. Akainama, akachomoa kitu kwenye fremu iliyopinda, akamwekea meneja kiganjani.

"Ngamia ni wangu, sikatai. Lakini huo upepo wako, injinia, tangu lini una manyoya?"