Wimbo Nilioujua Nusu

Jumapili, mwezi wa Julai. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umeifunika Uluguru hadi chini kabisa. Nimeteremka kutoka huko mchana huu, na magoti yangu hayaachi kunikumbusha.

Nimechoka. Naandika kabla uchovu haujanishauri ninyamaze tena, kama ulivyonishauri kwa miaka zaidi ya thelathini.

Wasomaji wengi wa blogu hii wananijua kama mwalimu mstaafu anayelalamikia Kiswahili cha magazeti. Wachache, wenye mvi kama zangu, wanakumbuka kwamba niliwahi kuimba. Niliacha kufundisha nikaajiriwa na kiwanda kimoja hapa Morogoro. Kwenye karatasi nilikuwa karani wa stoo. Kazi niliyoitiwa ilikuwa kuongoza bendi ya kiwanda. Nilichukua nyimbo za ngoma za Kinole, nilikozaliwa, nikazitia gitaa la umeme na maneno yangu mwenyewe. Watu waliziita ngoma za waya. Sikulipenda jina hilo, lakini lilikuwa sahihi.

Wimbo mmoja ndio uliotufikisha redioni, na kwa ajili yake tuliitwa Dumila, Kilosa, hadi Dodoma.

Huo sikuutunga mimi.

Ni wimbo wa wanawake, huimbwa mwali akiwa ndani. Sitayaandika maneno yake hapa. Niliusikia nikiwa na miaka tisa, nimejibanza nyuma ya nyumba, siku dada yangu Mwanaidi alipokuwa akichezwa unyago. Kabla haujaisha, mwanamke mmoja alinimwagia maji ya vyombo, nikakimbia. Nilichokuwa nimekisikia kilinitosha, miaka mingi baadaye, kupata jina.

Huko mlimani Kinole, waliponisikia redioni, wanawake waliulizana ni nani aliyenipa wimbo wa ndani. Wakakubaliana kuwa ni dada. Wakamnyima ukungwi, yeye aliyekuwa akiandaliwa kuurithi kutoka kwa mama yetu. Habari hiyo niliipata sokoni, kwa mama mmoja aliyeshusha ndizi.

Ningeweza kupanda wiki ileile nikasema: nilijibanza, dada hana kosa. Sikupanda.

Mwanzoni nilikuwa na maonyesho. Kisha kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi, na vyombo vya bendi, vilivyoandikwa namba nyeupe za mali ya kiwanda, vikaenda pamoja na viti. Mara ya mwisho nililiona gitaa langu limelazwa kati ya feni na mashine ya kuandikia. Ukumbi wetu ukawa ghala la mitumba. Vijana wakataka disko. Vibanda vya stendi vilinakili kanda zangu kutwa nzima, na kila nakala sauti yangu ilizidi kufifia. Nikarudi kufundisha. Nikajiambia kwamba wimbo umekufa, na kosa limekufa nao.

Nilijidanganya. Dada alikuwa bado analibeba.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye hutoa ruhusa kabla mwali hajaanza kufundwa. Mabinti wawili wa dada walichezwa, na ruhusa ikatolewa na binamu. Wiki iliyopita dada alinipigia simu. Sasa ni zamu ya mjukuu wake.

"Njoo utoe ruhusa," alisema. "Nimezeeka. Sitaki tena mjomba wa kuazima."

Siku hiyohiyo kijana wa redio moja ya hapa mjini alinipigia akiniomba niuimbe wimbo ule studioni Jumamosi ijayo. Nilimwambia nitamjulisha.

Jana nilipanda, nikalala kwa binamu. Leo asubuhi, uani kwa dada, nilisimama mbele ya wanawake wakongwe. Mkubwa wao ni Bi Sikudhani, yuleyule aliyenimwagia maji. Nilimwamkia, kisha nikaungama yote: nyuma ya nyumba, maji ya vyombo, na miaka yote niliyonyamaza.

"Anamsafisha dada yake," mmoja alisema. "Anaona kazeeka."

"Ngojeni," Bi Sikudhani akasema. "Wewe mjomba, hebu uimbe."

"Hapa, bibi?"

"Uliimba Dodoma, uone haya Kinole?"

Nikauimba bila gitaa, kwa sauti iliyobaki. Nilipofika mwisho nikanyamaza.

"Endelea."

"Umeisha, bibi."

Aliwageukia wenzake. "Anasema umeisha."

Walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Ndipo nilipojua kwamba wimbo ule una mwitikio, mrefu kuliko mwanzo wake, na kwamba hakuna mwali anayetolewa kabla hajaujua. Kama dada angenifundisha, angenifundisha wote. Maisha yangu yote ya muziki nilikuwa nikiimba swali na kuondoka.

"Tulidhani uliobaki uliuficha kwa adabu," Bi Sikudhani akasema, sasa bila kucheka.

Dada alikuwa mkekani. Yeye hakucheka tangu mwanzo. "Mliusikia redioni miaka yote ile," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza."

Bi Sikudhani aliinuka kwa fimbo yake, akamwendea, akamshika mkono. "Inuka, Mwanaidi. Mwali anamngoja kungwi wake."

Dada aliinuka polepole. Mlangoni aligeuka. "Ruhusa, mjomba?"

"Ruhusa ipo, dada."

Hakusema kwamba amenisamehe. Nami sikumwuliza.

"Haya, shuka kwenu," Bi Sikudhani aliniambia. "Maji ya leo yako jikoni, yanachemka."

Walianza kuimba nikiwa bado uani. Sehemu ya mwanzo naijua kila sauti yake. Nilichukua mwavuli wangu nikateremka kati ya mikarafuu, haraka kadiri magoti yalivyoniruhusu, ili niwe mbali watakapofika kwenye mwitikio. Mara ya kwanza nilifukuzwa. Leo niliondoka mwenyewe.

Kesho asubuhi nitampigia yule kijana wa redio nimwambie kwamba wimbo ule sina. Atadhani nimeyasahau maneno. Na adhani hivyo.