Mahali Ulipokuwa Tulipomzika Mama

Kaka Wafula mpendwa,

Hapa Matulo mahindi yameanza kukauka shambani, na nyumba ya mama nimebaki nayo peke yangu. Nakuandikia huko rimandi Kitale kwa sababu kuna jambo nilikufanyia siku ya mazishi. Afadhali ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Unajua kwetu mtu hazikwi bila wasifu wake kupigwa chapa kwa Kiingereza, hata kama marehemu mwenyewe hakuvuka "good morning". Kazi hiyo nilipewa mimi, eti kwa kuwa ni mwalimu. Niliandika vizuri mpaka nikafika kwenye watoto, pale kila jina hufuatwa na mji anaoishi mwenyewe. Kwa jina lako nikakwama.

Nilikukumbuka sana. Ulikuwa na ile kamusi isiyo na jalada, ukinipima maneno tukipeleka vitunguu vya mama sokoni Chwele. Nikikosea ulinicheka, kisha ukanibebea kikapu hata hivyo. "Neno ni kama kiatu," uliniambia. "Lisilokutosha litakuchubua."

Basi nikajaribu viatu peke yangu. "Prison" nililikataa, maana huko hukaa aliyehukumiwa, na kesi yako ya mahindi ya bohari haijaisha, na mimi naamini hukuyaiba. "Jail" ndilo wanalotumia majirani wakikusengenya kwenye kinu cha posho. "Custody" lilikuwa na adabu, lakini nani pale angelielewa? Likabaki "remand", la anayengojea kesi yake, nikaliandika.

Baba mdogo alisoma, akavua miwani.

"Ati remand? Na hawa wageni wote, bana. Andika tu Kitale. Si ni kweli yuko Kitale?"

Nilikuwa nimechoka kwa kulia. Nikaona heri tufe na tai shingoni, nikaandika Kitale.

Wasifu ukasomwa mbele ya watu wote, na jina lako likasomwa na mji wako. Watoto wa marehemu walipoitwa kutia udongo, nilisimama peke yangu. Mama mmoja wa kanisa, mgeni asiyejua habari zako, alimwambia mwenzake nyuma yangu, wala hakunong'ona: "Kitale si ni hapo tu? Kijana gani anashindwa kuja kuzika mamake?"

"Hao wakipata kazi wanasahau," mwenzake akajibu.

Nilisikia, kaka, na nikanyamaza. Nilitaka kukuepusha na aibu ya kufungwa, nikakuvisha ya mtoto aliyemtupa mamake. Hiyo hukustahili hata kidogo. Kama ungekuwepo ungeniuliza kwa nini nilimsikiliza baba mdogo.

Siku ya tatu watu wa nyumbani tulikaa kunyolewa nywele za matanga, kama ilivyo desturi. Kabla wembe haujaanza nilisimama. 

"Wafula hakukataa kuja," niliwaambia. "Yuko rimandi. Aliomba ruhusa ya kumzika mama, haikupatikana."

 Baba mdogo alitazama chini. Yule mama wa kanisa hakuwepo, na hilo bado linaniuma, kwa sababu maneno yake yamekwisha kufika mbali kuliko yangu.

Senge, dada yake baba, akaanza kunyoa. Zamu yangu ilipofika nikamwomba aniruke.

"Ati utakaa na nywele za matanga mpaka lini?"

"Mpaka Wafula atoke."

 Senge akasema hajawahi kuona msichana akifanya hivyo, kisha akamwita aliyenifuata.

Wote wamenyolewa na kurudi makwao. Jioni napika ugali wa mtu mmoja na bado unanishinda. Shuleni walimu wenzangu wananiuliza kwa nini siku hizi sivui kitambaa ninachofunikia nywele hizi za matanga. Ninawaambia kwamba ndugu yangu hajamzika mama bado.

Anayekungoja,
Dada yako.