Mbuzi Walikula Chumvi ya Marzia

Gongyul,
Khaplu, Baltistan.
26 Machi 1995

Mpendwa mdogo wangu Fida,

Pokea salamu za dada yako Kulsum. U hali gani na joto la Karachi? Kile kikohozi cha moshi wa jikoni hapo hotelini kimepoa? Sisi huku tunapumua. Theluji imeanza kuyeyuka mapaani, mume wangu Yusuf bado analalamikia mgongo, na Mama ni mzima wa mwili na wa mdomo.

Salamu ndizo hizo. Sasa nisikilize, maana nimekasirika na sina nguvu za kujifanya sijakasirika.

Mkeo Marzia hayupo tena nyumbani kwa Mama. Yuko kwangu tangu baridi ilipokolea. Mama alimfukuza mbele ya majirani: "Nyumba hii inataka mtoto, haitaki mgeni wa kulala!" Marzia akachukua blanketi na bakuli lake la chai, akateremka kwangu bila kulia. Wewe ulipopelekewa habari, ulijibu nini? Eti Mama akiona sawa, na wewe ni sawa. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Unajua kwamba mimba yake nyingine iliharibika kiangazi. Usilolijua ni kwamba vuli nilimpeleka Skardu kwa daktari, mama mmoja mkali mwenye miwani. Kabla hajamuuliza hata jina, alimfungua mtandio akamgusa shingoni, pale kwenye rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wanawake wote wa kijiji hiki tunaufunika kwa shanga. Mficha uchi hazai, wahenga hawakukosea.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimwita mvivu? Baridi anaisikia hata akikaa jikoni, uso umemvimba, sauti nzito, anasinzia huku anasukasuka chai. Damu ilipopimwa, daktari alisema hakuna uvivu pale. Tezi ya shingo imekosa madini joto, na mama akiyakosa, mtoto hakai tumboni, au akikaa huweza kuzaliwa kiziwi na mzito wa akili. Madini ya chuma nayo yalikuwa haba. "Msimtafutie mimba sasa," aliniambia. "Mtafutieni afya kwanza, mimba baadaye."

Akampa vidonge vya kumeza asubuhi kwa maji matupu, muda mzuri kabla ya chai. Katika nyumba ya Mama! Mahali ambapo hata paka hafungui jicho kabla chai ya siagi na chumvi haijapita. Mama akanuna: "Anayekataa chai yangu amenikataa mimi." Akaambiwa pia aache chumvi ya mawe, atumie ya pakiti iliyotiwa madini joto. Nilinunua pakiti sokoni palepale, za kwake na chache za kwangu.

Wiki hiyohiyo ikafika barua yako. Ulituandikia kwamba huko hotelini wanaume wanasema chumvi ya pakiti inafunga vizazi, kwamba ni ujanja wa serikali wa kutupunguza. Nani alikuambia, Fida? Mwosha vyombo? Mama alitaka asomewe maneno hayo tena na tena, kisha akabeba pakiti zote za Marzia hadi zizini, akawamwagia mbuzi.

Nikamuuliza, "Mama, kama inafunga vizazi, mbuzi je?"

"Mbuzi hana serikali," akanijibu.

Tungecheka kama jambo lenyewe lingekuwa la kuchekwa.

Baridi nzima mbuzi walilamba chumvi ile. Unakumbuka vitoto vya mbuzi wetu wa miaka iliyopita, walivyozaliwa bila manyoya, shingo zimevimba, na jua halizami kabla hawajafa? Mwezi huu mbuzi wamezaa. Vitoto vimesimama vyenyewe, vina manyoya tele, vinarukaruka hadi vinakera. Mama alisimama zizini akaviangalia muda mrefu. "Mwaka huu hawa wamekula nini?" akaniuliza.

"Chumvi ya Marzia."

Mama alikaza mtandio shingoni mwake. Nami nikakumbuka yale makaburi madogo nyuma ya shamba la miaprikoti, ya watoto aliowazika baada yangu na kabla yako, ambao maisha yake yote amesema waliuawa na kijicho cha watu. Nilimhurumia, Fida. Nilitamani kumkumbatia. Nikadhani kesho atamwita Marzia.

Kesho yake alipeleka siagi kwa akina Haji Wazir kumposa binti yao awe mke wako. Wanataka ndoa ifungwe miaprikoti ikichanua, yaani mwezi ujao. Hawezi kukubali sasa kwamba kosa lilikuwa la chumvi yake, nadhani, maana akikubali itambidi ayakubali na yale makaburi.

Yule binti namwona mferejini kila siku. Mpole, anacheka ovyo, na mtandio wake kauzungusha shingoni mara mbili. Unajua anaficha nini. Ukimleta, utamkalisha kwenye birika lilelile, anywe chumvi ileile, azike wa kwake, halafu naye aitwe mgeni wa kulala. Mama hanisikii mimi. Wewe mwanawe wa kiume wa pekee atakusikia. Njoo, au mpe neno lako la kukataa kwa mdomo wa mtu anayemheshimu, lakini usikae kimya.

Marzia uvimbe wa uso umemtoka. Juzi alimkemea Yusuf kwa kuingia na viatu vyenye matope, na sote tulishangaa kusikia kumbe ana sauti nzuri. Daktari atampima tena barabara ikifunguka.

Yusuf anakusalimu, na wanangu Nargis na Tahira wanakusalimu mjomba wao. Mama angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia. Marzia nilimuuliza nikuandikie salamu gani. Akafikiri, akasema salamu zake atakupa uso kwa uso. Usipokuja, hana salamu.

Mungu akulinde, akupe moyo wa kuwa mume kabla hujawa baba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Kulsum