Namna Ulivyokuwa Ukikataa Hadithi za Watu

Mpendwa shemeji,

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwako, kwa ukoo mzima, na kwa yeyote aliye jirani yako huko uliko, kwamba mimi, muuza vipuri vya magari wa Gikondo, mume wa mdogo wako, mtu ambaye Kiswahili chake ulikuwa ukisema kimechongwa kwa shoka huko Kampala, sasa ninavaa miwani ya kusomea. Ina fremu ya kahawia. Mdogo wako anasema nafanana na padri aliyesahau misa. Uzinduzi ulihudhuriwa na yeye, paka wa jirani na chapati zilizobaki jana yake.

Habari nyingine, ndogo kuliko hiyo, ni kwamba nimekuwa mhariri.

Cheka taratibu. Hata mimi nilicheka. Baada ya matanga yako kwisha na viti vya kukodi kurudishwa, ule mfuko wako wa kitenge wenye hadithi za kitabu cha tatu ulibaki unaning'inia nyuma ya mlango kule kwako Kabeza. Siku moja mdogo wako akautoa pale akanivika begani kama mtoto anayepelekwa shule.

"Umalize," akasema.

"Mimi nilikuwa dereva wake tu! Nilibeba maboksi."

"Dereva anajua njia."

Unamjua mdogo wako. Ukibishana naye unapoteza hoja na chakula cha mchana kwa pamoja. Nikaubeba.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikuwahi kukiri mbele yako, kwa kuwa ungelifanya utani wa mwaka mzima. Miaka yote ile niliyokuendesha kupeleka vile vitabu vyako vidogo vya jalada jepesi, vyenye roketi juu ya jalada na wino unaoacha alama kidoleni, sikuelewa kazi yako ni ipi. Hadithi waliandika wengine. Picha ya jalada alichora mwingine. Mashine ya kuchapa haikuwa yako. Lakini jina lililokaa chini ya roketi lilikuwa lako: "Zimekusanywa na kuhaririwa na." Nikawa najiuliza, huyu mwanamke anafanya nini hasa? Mtu akikusanya matairi kutoka magari kumi, hajatengeneza gari.

Unakumbuka Jumamosi ile nilipokuuliza? Nilikukuta sebuleni kwako peku, hadithi zote zimetandazwa sakafuni, kila moja na kokoto lake juu isipeperushwe, na wewe unazirukaruka kama mtoto anayecheza. Nikatia mguu mmoja ndani.

"Usikanyage Mirihi!" ukapiga kelele.

Nikarudisha mguu. Nikauliza swali langu. Ukafungua mdomo kujibu, ndege ikapita juu ya paa inateremka kuelekea uwanja wa Kanombe, nawe ukanyamaza katikati ya neno, mkono umeinuliwa, mpaka ikaisha. Watu wote wa Kabeza wanazungumza hivyo, lakini wewe ulikuwa ukinyamaza kwa madaha, kana kwamba ndege ndiyo iliyokuomba nafasi.

"Ni kupanga wageni harusini," ukasema. "Nani asimame mlangoni kupokea watu. Nani asikae karibu na nani. Hapa nina roboti wawili wanaolia. Nikiwaweka pamoja itakuwa msiba. Nikiweka mtu wa kuchekesha katikati yao, kila mmoja atalia vizuri."

"Na mgeni rasmi?"

"Huyo ndiye shida ya mji huu. Mgeni rasmi huongea mwisho, kwa hiyo kila mwandishi anataka kuwa wa mwisho. Nikimweka wa kwanza, ananuna. Anadhani nimemfanya wa kukaribisha magari."

Hapo nikaanza kukuelewa kidogo. Hadithi ile ile, ukiihamisha kutoka mwanzo kwenda katikati, inabadilika sura. Na zile sentensi mbili tatu ulizokuwa ukiandika juu ya kila hadithi, kumtambulisha mwandishi, nilikuwa nikiziruka. Siku hizi ndizo ninazozisoma kwanza. Ulimwandikia mtu mmoja kwamba "anauza nyanya Bukavu na hajawahi kuona bahari, ila ameivuka katika hadithi hii." Mtu akitambulishwa hivyo, nani hatafungua ukurasa?

Kupanga, basi, umenifundisha bila kujua. Kukataa hukunifundisha, na kukataa ndiyo nusu ya kazi.

Nilianza kushangaa siku ya mazishi yako. Nilisimama pale kaburini nikitazama umati, nikagundua kwamba wale uliowakataa ni wengi kuliko uliowachapa, na ndio waliolia zaidi. Sisi dukani, mteja nikimwambia kipuri chake sina, ananipita mwezi mzima bila salamu. Wewe uliwaambia watu kwamba ndoto zao hazifai kuchapwa, wakaja kubeba jeneza lako. Uliwaambia nini?

Sikuuliza kwa udadisi mtupu. Ndani ya mfuko wa kitenge, chini kabisa, ilikuwepo hadithi ya Mwalimu Gaspari.

Unaijua. Yule mzee jirani yako wa zamani, aliyefundisha fizikia mpaka akastaafu, sasa anaishi peke yake huku Gikondo juu ya magereji, na mapafu yake yanapiga filimbi akipanda ngazi. Hadithi ya ng'ombe wa Mirihi. Inyambo, wale ng'ombe wa pembe ndefu, wanafugwa ndani ya nyumba ya kioo kule Mirihi, na Mwalimu anaeleza, kurasa kwa kurasa, namna hewa inavyosukumwa kuingia, inavyochujwa na kurudishwa. Nilisinzia kwenye hewa hiyo mara tatu, shemeji, na miwani mipya usoni. Kuichapa ni kuharibu kitabu chenye jina lako, cha mwisho kitakachokuwa nalo. Kuikataa ni kumvunja moyo mzee ambaye huenda asikione kitabu cha nne. Na ulikwisha kuikataa mara mbili, katika kitabu cha kwanza na cha pili, naye bado akakuletea kwa mara ya tatu!

Nikaamua kuchunguza. Nikaanza na Claudine, yule muuguzi wa hapo hapo Kabeza, uliyemkataa katika kitabu cha kwanza.

"Shemeji yangu Mama Keza alikwambia nini alipoikataa hadithi yako?"

"Hakuikataa."

"Mbona haikuchapwa?"

"Niliitupa mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Alikuja akanywa chai. Alipoondoka, nikaitupa." Akanitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayekataa sindano. "Wewe Baba Ganza, kwani iko nini?"

Nikatoka pale na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo. Nikashuka mpaka Rwezamenyo kwa Salum fundi cherehani, uliyemkataa mara moja ukamchapa mara moja. Alikuwa na suruali ya mtu mdomoni, maana meno yake ndiyo mkasi wake wa pili. Nikamuuliza swali lile lile. Akatema uzi.

"Hakunikataa, sha. Alinifumua."

"Alikufumua vipi?"

"Alikuja hapa hapa. Nikamwagizia chai. Wife yuko pale, watoto wako pale, wateja wawili. Akasema, Salum, nataka kuwasimulia hawa hadithi yako. Hana karatasi! Akaanza kusimulia kwa kichwa. Mwanzo mzuri, mimi kifua kiko mbele. Akafika katikati akanyamaza. Akasema, hapa nimesahau. Akaruka. Akaendelea, akasahau tena, akaruka tena. Hadithi yangu ya saa nzima ikaisha kabla chai haijapoa."

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Wife akasema, mbona hiyo ya pili ndiyo nzuri, kwani ulimpa ndefu?" Salum akacheka mpaka akashika cherehani. "Mwanamke yule alikuwa na kichwa cha tembo. Anakumbuka bei ya kitambaa cha mwaka juzi. Mimi nikaelewa: kama yeye amesahau, basi pale hapana kitu. Nikaenda kufumua, nikashona upya. Kitabu cha pili nikaingia."

Nilikaa kwenye benchi lake nikastaajabu. Kumbe hivyo! Hukuwaambia watu hapana. Uliwarudishia hadithi zao kwa mdomo, na ulichokiacha ndicho kilichosema. Na nilikuwa nikikusubiri nje ndani ya gari, shemeji, nasikiliza mpira redioni, nikidhani uko ndani unapiga soga.

Basi ninayo njia. Wiki nzima nikajizoeza. Mdogo wako akichambua mchele, nilimsimulia ng'ombe wa Mirihi. Nilimsimulia mteja aliyekuja kununua plagi. Akanunua haraka kuliko kawaida.

Wiki iliyopita niliwaandikia waandishi wote, kwenye lile kundi lenu la simu, kwamba "mhariri na Mwalimu Gaspari wamefanya mazungumzo ya kina ya kitaaluma na kufikia mwafaka." Wakanipongeza sana. Wewe sitakudanganya. Mambo yalikwenda hivi.

Nilikwenda Jumapili baada ya misa, na ndizi kichane kimoja. Mwalimu alikuwa amevaa koti, na chupa ya chai iko mezani pamoja na vikombe viwili, kana kwamba aliniona tangu barabarani. Tukaulizana habari za nyumbani. Kisha nikasafisha koo nikasema, kwa sauti yako kabisa:

"Mwalimu, nataka kukusimulia hadithi yako."

"Eeh," akasema, akaegemea kiti. "Anza, kijana wangu." Nina mvi mpaka masikioni, lakini kwake mimi ni kijana.

Nikaanza. Ng'ombe wamepanda chombo, wamefika Mirihi. Nyumba ya kioo. Hapo nikafika kwenye hewa. "Hapa nimesahau," nikasema, na nikaogopa kumtazama. Nikaruka. Nikafika mahali pale ambapo mchungaji mzee, aliyeachwa duniani kwa sababu ya umri, anaketi mbele ya redio kila asubuhi kumwita ng'ombe wake kwa majina yake yote ya sifa. Sauti inasafiri. Yeye anasubiri. Anachemsha maziwa, anafagia uwanja, anarudi kuketi. Ndipo, kwa mbali sana, ng'ombe anaitika.

Pale sikusahau hata neno, shemeji. Nilipomaliza nikajikuta sina kinachofuata.

"Basi," nikasema. "Sikumbuki kingine."

Mwalimu alikuwa amefumba macho. "Mama Keza naye aliishia hapo," akasema. "Mara zote mbili. Na hewa aliiruka."

"Kumbe ulijua hewa haifai?"

"Mon cher, nimefundisha ile hewa miaka yote. Nimeona watoto wangapi wanasinzia?"

Nikachanganyikiwa. Nikaona nafasi, nikairukia kama muuza vipuri. "Basi, Mwalimu, tukate hewa yote! Tuchape mchungaji na redio yake tu. Kurasa tatu. Nitakuweka mwisho kabisa wa kitabu, mgeni rasmi."

Akafumbua macho. "Oya, hapana," akasema.

"Kwa nini? Ndiyo nzuri kuliko zote nilizonazo!"

"Najua ni nzuri. Niliijua tangu mara ya kwanza." Akanimiminia chai, sahani ikapata zaidi ya kikombe. "Ningeikata hewa, Mama Keza angeichapa. Akiichapa, ananitumia kitabu kwa mtu wa pikipiki, asante, kwaheri. Nikiirudisha vilevile, lazima aje mwenyewe. Aketi hapo ulipoketi. Anisimulie." Akanisogezea kikombe. "Mimi nimesimulia watu maisha yangu yote, kijana. Nani mwingine alikuwa ananisimulia mimi?"

Nikanywa chai ya sahani.

"Yeye alijua?" nikauliza baadaye.

"Sikumuuliza."

Nami ndilo ninalokuuliza wewe, na jibu najua sitalipata: ulijua? Ulipopanda ngazi zile mara ya pili na hadithi isiyobadilika hata nukta, ukakaa, ukaanza tena, "ng'ombe wakapanda chombo," ulikuwa unahariri, au ulikuwa unafanya jambo lingine ambalo halina jina kwenye jalada? Au mambo hayo mawili kwako yalikuwa kazi moja?

Kitabu kinakwenda kuchapwa juma lijalo bila ng'ombe. Wa mwisho ni Salum, na amekwisha anza kutembea kama waziri. Hao waandishi waliosoma tangazo langu wanadhani nimemshinda mzee kwa busara. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumkataa mtu kwa mara ya kwanza maishani, na aliyekataliwa ni mimi. Nilimwomba hadithi, akaninyima. Kisha akanisindikiza mpaka mlangoni akanipa karatasi zake zote, na hewa yake yote ndani.

"Ni za kitabu cha nne," akasema. "Zisome vizuri. Halafu uje."

Nitakwenda, shemeji. Jumapili hii, sitasubiri kitabu. Lala salama, na usiwaonee huko kwa hadithi zao.

Ni mimi shemeji yako, dereva.